Hakimu Hana Mamlaka Juu ya Shamba Langu

Jumatatu, 9 Machi 1987

Zadock amenishtaki. Jirani! Anadai rejista ya ardhi ina makosa: eti ekari mbili na nusu zenye mashine yangu ya kusaga ni za baba yake, na baba yangu alikuwa jadak tu, mgeni aliyeonyeshwa pa kulima. Na cheti cha shamba je? Kina jina langu, namba na muhuri. Mke wangu Selpha anasema nikipeleke kortini, nikionyeshe, nirudi nikasage. Basi. Akili ya watu wasio na mipango.

Jioni Zadock alipita njiani, akanisalimu kwa Kijaluo. "Oimore, Ja-Alego!" Tangu utotoni ananiita hivyo, Mtu wa Alego. Ana wivu, lakini jina ni zuri. Nimelipaka mwenyewe ukutani, herufi za futi mbili: JA-ALEGO POSHO MILL.

Jumanne, 24 Machi

Kisumu, kortini. Nimeshinda! Hakimu alinyoosha mkono apokee cheti. Sikumpa. Nikasimama, nikasema napinga: siku hizi kesi za mashamba ni za baraza la wazee chini ya D.O., mkuu wa tarafa, korti hii haina mamlaka. (Nilisikia kwa mtu mmoja stendi ya basi, mwenye mkoba.) Hakimu akauliza kama nina hakika. Asilimia mia, nikasema. Zadock alikubali haraka sana, bila shaka kwa aibu. Faili ikapelekwa kwa D.O.

Selpha ameuliza, sasa cheti atakiangalia nani? Nikamwambia siku ya ushindi haitaki maswali.

Jumatano, 8 Aprili

Hesabu. Wazee wanne: wawili wa Zadock, wawili wangu. Mwenyekiti D.O., mtu wa makaratasi, kwa hivyo ni wangu. Tatu kwa mbili. Wangu wa kwanza husaga kwangu kila wiki. Wa pili ni Mzee Absalom, mkubwa kuliko wote hapa. Mvi zina uzito. Selpha anaonya kwamba Mzee huyo anamkumbuka kila ndama aliyezaliwa upande huu. Nikamwambia, ndiyo maana nimemchagua.

Ijumaa, 10 Aprili

Baraza lilikaa mbele ya mashine. Nikatoa cheti. D.O. akasema ni kizuri. Wazee wakakipitisha mkono kwa mkono kama picha ya harusi ya watu wengine, kikarudi.

Kisha Mzee Absalom akaita kwa nguvu, "Ja-Alego!"

Nikaitika, "Naam, Mzee!"

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Ameitika. Mtu haitwi kwa jina la kwao akiwa kwao."

Akaeleza jinsi baba alivyofika kutoka Alego na ng'ombe mmoja asiye na pembe, na baba ya Zadock akamwonyesha pa kulima. Hata rangi ya ng'ombe alitaja. Zadock akamwomba D.O. asome ukuta. D.O. akasoma, kwa sauti.

Nne kwa sifuri, D.O. hakuhitaji hata kupiga kura. Hata mteja wangu!

Jumanne, 12 Mei

Kumbe uamuzi wa wazee hurudi kortini: hakimu ameusoma, umekuwa hukumu. Nikamnyooshea cheti. Akasema angefurahi sana kukiona mwezi wa Machi.

Nje Zadock akanishika bega. "Jirani, kaa. Saga. Sema tu mbele ya watu kwamba shamba ni la baba yangu, tunywe chai yaishe." Nimekataa. Na chai yenyewe ingepikwa kwangu!

Nimemwona wakili, Mama Walubengo wa Milimani. Anasema kesi ni nyepesi: wazee hawana nguvu ya kufuta jina kwenye rejista, Mahakama Kuu itautupa uamuzi wao. Nina kazi moja tu, kunyamaza. "Bwana, hata kukohoa, usikohoe."

Alhamisi, 17 Septemba

Mahakama Kuu. Mama Walubengo alisema vizuri. Jaji alikuwa akiitikia kwa kichwa, akiandika. Lakini mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Katika kesi hii yote nimeshinda mara moja tu, na nilishinda kwa pingamizi.

Nikasimama. Nikasema napinga, korti hii haina mamlaka.

Mama Walubengo alifumba macho. Jaji akavua miwani. Kama hakimu hana mamlaka na yeye hana, akauliza, ni nani basi aliye nayo?

Swali hilo sikuwa nimeliandaa. Nikasema, "Wazee."

Akauliza kama basi naondoa rufaa yangu. Nikasema naiondoa. Akaandika. Pingamizi la pili, ushindi wa pili!

Jumamosi, 19 Septemba

Zadock ametuma neno: nitoe mashine shambani kwake kabla ya Krismasi. Selpha ameanza kufunga vyombo. Nimemwambia avifungue. Mashine haiko juu ya shamba, iko juu ya saruji. Saruji niliimwaga mwenyewe. Ni nani aliye na mamlaka juu ya saruji? Nimeuliza stendi nzima. Hakuna anayejua.

Nimewabana.