Kiti Kimoja, Waandishi Wawili

Jumatatu, 10 Juni
Mvua. Maureen, mwenye duka la vitabu hapa Thornby, katangaza: tamasha la Jumamosi lina kiti kimoja tu cha mwandishi wa mji. Atakikalia yule ambaye riwaya yake itanunuliwa zaidi dukani kufikia Ijumaa. Yaani mimi au Philippa Garroway! Mimi nina riwaya kumi na moja. Yeye ana mbili, na nywele nzuri. Kijicho? Ndiyo, kinanichoma, na humu sioni haya kukiri.

Jumanne, 11 Juni
Nimezihamisha nakala zake zote nane, nikazificha nyuma ya vitabu vya bustani. Nimejipongeza kwa biskuti tano.

Jumatano, 12 Juni
Balaa! Maureen kakuta rafu tupu, kadhani zimenunuliwa. Kaagiza arobaini! Ziko dirishani na kibao: "Ziliisha kwa siku moja." Foleni mpaka kwa muuza samaki. Daktari wangu wa meno alikuwamo. Kaniambia yangu ataisoma akistaafu. Ana miaka thelathini na moja.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeficha kumi na mbili zaidi. Watu walipoona zinapungua wakagombea zilizobaki. Yangu imenunuliwa moja, na dada yangu. Kairudisha kabla ya chai, kaomba abadilishiwe, apewe ya Philippa.

Ijumaa, 14 Juni
Maureen kaniita mbele ya wateja. Kumbe aliniona nimekumbatia vitabu vya Philippa, akadhani nawapelekea wanunuzi! "Gerald, kaka yangu," akasema, "watu wanakusema una wivu, kumbe wewe ndiye shabiki wake namba moja. Basi na wewe utapanda jukwaani." Moyo ukaruka. Akaongeza kwamba nitamtambulisha Philippa kwa dakika mbili, kisha nishuke, kwa kuwa kiti ni kimoja. Philippa akanikumbatia machozi yakimlengalenga, akasema hajawahi kutendewa wema kama huu na mwandishi mwenzake. Ananukia vizuri, mwovu yule.

Jumamosi, 15 Juni
Nimemtambulisha. Makofi yakavuma nilipotaja jina lake. Nilisikiliza nimesimama karibu na mlango wa choo.
Lakini kosa langu nimeligundua. Duka huagiza vitabu vingine. Maktaba ya mji haina hata fedha za balbu. Jumatatu asubuhi naazima huko nakala zote kumi na tisa za Philippa. Rafu ikiwa tupu, nani tena atamtaka?