Bata wa Joy Amepasuliwa Kizingo

Bondeni,
Mombasa.

Kwa Mkuu wa Maabara ya Kupima Vitu vya Watoto, Kizingo.

Bwana Mkuu,

Salamu nyingi, na poleni kwa kazi. Mimi ni karani wa bandarini, mtu mpole, sijawahi kugombana na ofisi yoyote. Lakini kwa hili la bata, kunyamaza kumenishinda.

Binti yetu Joy, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa na bata wa mpira niliyemnunulia mwenyewe kwa mchuuzi. Alilala naye, alikoga naye, na mchana kutwa alimnyonya kichwa. Mtoto alipotoka vipele mdomoni, mke wangu Rispah alimchukua bata akamleta kwenu apimwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimpasua. Bata aliingia kwenu mzima, akarudi vipande viwili, kila kipande na bahasha yake. Nilipomuuliza afisa wenu, Bwana Seth, kwa nini hamkutuita kwanza tukaagana naye, alinijibu, "Mzee, ukungu uko ndani. Ulitaka nichungulie kwa wapi?" Hilo si neno la kumwambia mfiwa.

2. Ripoti yenu yasema rangi ya mdomo wa bata ina risasi. Najua mlikusudia madini. Mama mkwe wangu, aliyeisoma kwa sauti barazani, hakujua. "Risasi!" akapiga ukelele. "Bata wa mjukuu wangu ana risasi!" Kufumba na kufumbua, mtaa mzima umejua. Jirani yetu Abdulghafur, aliyezoea kuja kwetu kila alasiri kunywa kahawa, sasa hupita chini ya dirisha letu ameinama, na amewakataza wanawe wasimkasirishe Joy.

3. Mmeandika pia kwamba tumboni mwa bata mna vijidudu kupita kiasi, na kwamba yaelekea vimetokana na maji ya kuogea na mate. Mate ya nani? Vijidudu vile ni vyetu, vimezaliwa Bondeni. Nyinyi mkavilea kwenye visahani vya kioo hata vikaongezeka, kisha mkaviua, wala hatukuulizwa.

4. Tangu bata aondoke, vipele vimekauka. Hili limeniumiza kuliko yote, kwa sababu Rispah hulitaja kila tukikaa kula.

5. Bwana Seth alitueleza kwamba kila kitu mtoto anachotia kinywani chafaa kipimwe. Nami ni mtu wa kufuata kanuni. Baada ya bata, Joy amehamia kwenye kandambili zangu, rimoti, na sikio la bibi yake, ambalo ndilo alipendalo zaidi. Jumatatu nikavipakia vyote kwenye tuktuk, mama mkwe naye akajifunga leso mpya, tukaja Kizingo. Kandambili mlizipokea. Rimoti mliipokea. Mama mkwe mlimkataa! "Bibi hatuwezi kumpima," alisema Bwana Seth. Mama akamuuliza, "Kwani mimi bata amenishinda nini?" Tukarudi naye amenuna. Nyumbani hasemi na mtu ila Joy, na husema naye sikio likiwa kinywani mwa mtoto, bila cheti chochote.

Kwa hayo, naomba bata aunganishwe, na itolewe barua ya kubandikwa barazani kwetu kuthibitisha kwamba hakuwa na silaha. Naomba sikio la mama mkwe lipimwe, bila kupasuliwa. Tena naomba Joy mwenyewe apewe cheti, maana majirani wote humbusu mashavu, na kwa kanuni zenu nadhani naye ni kitu cha kuchezea cha mtaa mzima.

Nisalimieni wafanyakazi wote wa maabara, na bawabu aliyemletea mama mkwe kiti, na hata Bwana Seth, akitaka.

Ni mimi, baba wa mtoto aliyefiwa,
Kazungu Mung'aro

Tanbihi: Nikiwa natafuta gundi ya kufungia bahasha, mama mkwe ameingia na bata mpya, mwekundu, ili nyumba ipatane. Joy amenyoosha mikono. Nimemnyakua bata kabla hajafika kinywani, nikamfungia kabatini. Sasa Joy analia, mama mkwe analia, na Rispah ananitazama tu akitabasamu. Kesho nitakuwa mlangoni kwenu na bata huyo kabla hamjafungua. Tafadhali, mpasueni vizuri.