Chumba cha Uani Chakabidhiwa Rasmi

(Haya ni maneno ya afisa wa makazi, siku aliyokuja uani kwangu kusimama juu ya sakafu yangu ya zege. Ya kwenye mabano ni yangu.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa msaidizi wangu, na msaidizi wa msaidizi wangu. Wajumbe wa kamati ya kusimamia kamati. Bibi mwenye ua huu. Binti yake mjamzito. Mabibi, mabwana, na yeyote ambaye cheo chake kimenipita: nawasalimu kwa mpigo!

(Makofi. Mimi sikupiga, nilishika beseni. Yeye jua halikumgusa: jana vijana wake walimsimamishia jukwaa hapo hapo kwenye sakafu yangu, nguzo za mbao, mabati juu, turubai pande tatu.)

Ndugu wananchi, miaka miwili iliyopita, baada ya upembuzi yakinifu, tathmini ya awali na tathmini ya hiyo tathmini, wataalamu wangu waligundua kwamba nyuma ya nyumba hii ipo sakafu ya zege isiyo na ufa hata mmoja, iliyomwagwa na marehemu mume wa bibi huyu kwa ajili ya tangi la maji, na mimi, kwa upeo wangu unaojulikana, nikasema: kwa nini tuchimbe msingi mpya na huu upo? Hapa kitasimama chumba chepesi, cha mbao na mabati, kilichofungwa kwa bolti, ili zege lisielemewe!

(Makofi ya wasaidizi. Ndiyo maana nilibomoa jiko langu lililokuwa hapo. Waliniambia niisafishe sakafu, mafundi wanakuja kesho. Tangu siku hiyo napikia mvuani, na binti yangu analala sebuleni, miguu chini ya meza.)

Leo najivunia kutangaza kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane, na mbili zilizobaki ni chumba chenyewe.

(Vicheko. Akadhani ni furaha, akanyoosha tai. Nikamkatiza: "Baba, mtoto anazaliwa mwezi huu. Alale wapi?")

Bibi yangu, maendeleo ni mchakato!

(Nikaonyesha tumbo la binti yangu: "Basi njoo umwambie aliyemo humu asubiri mchakato!" Vicheko, hata dereva wake.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo, na mbele ya mashahidi wote hawa, nikigonga nguzo hii kwa mkono wangu mwenyewe, namkabidhi rasmi bibi na uzao wake jengo hili lililosimama hapa! Sakafu moja! (Wasaidizi wakaitikia: "Vyumba vingi!") Zege la zamani! ("Maisha mapya!")

Mwisho kabisa, namshukuru bibi kwa kutuazima sakafu ya kuwekea jukwaa, maana kuhusu hicho chumba, sitawaficha, ofisini kwangu faili lake halijawahi kufunguliwa, wala fundi hatujawahi kumtafuta. Asanteni kwa utulivu wenu.

(Akapanda gari, akaenda. Vijana wakaja na spana kufungua jukwaa. Nikasimama mbele yao, beseni kiunoni.

"Wanangu, mkubwa wenu amenikabidhi nini?"

"Jengo lililosimama hapa, bibi."

"Na hapa limesimama jengo gani lingine?"

Wakashusha spana. Nyuma yangu binti yangu alishaingiza godoro.)