Nguzo Nane za Unterfeld

Waheshimiwa wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji cha Hinterblatten, mliopo na mlioomba udhuru. Katibu wetu wa Kijiji, Bi. Regula Tschanz, ambaye bila kalamu yake, sahihi yangu isingekuwa na pa kukaa, Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto cha Kujitolea, Kiongozi wa Bendi ya Matarumbeta pamoja na naibu wake, ambao najua hawasemeshani lakini wote wawili nawatambua, Mchungaji, Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Ng'ombe wa Kahawia, akina mama mlioandaa jibini na mvinyo mweupe uliopo nyuma ya pazia, ambao hautafunguliwa kabla sijamaliza (minong'ono ya kukata tamaa), wahesabu kura, wananchi wote wenye haki ya kunyoosha mkono katika kikao hiki, na ninyi mlioketi juu ya magodoro ya sarakasi kwa sababu viti vimekwisha. Itifaki imezingatiwa. Niliyemsahau ajihesabu ametajwa.

Ndugu wananchi, mimi Gottlieb Aeschlimann, Mwenyekiti wenu kwa muhula wa nne, nasimama katika ukumbi huu wa mazoezi, chini ya goli la mpira wa kikapu, nikiwa na furaha isiyo na kifani, kuwasilisha kwenu taarifa ya kina, shirikishi na yenye kuzingatia wadau wote, juu ya Mradi wa Kimkakati wa Makao Makuu Mapya ya Kampuni ya Teknolojia ya Lumivex, yatakayojengwa hapa hapa kwetu, katika malisho ya kijiji pale Unterfeld. (Makofi upande wa kulia. Upande wa kushoto mtu anakohoa kwa makusudi.)

Kikohozi hicho nakifahamu, Bwana Rohrbach. Nitakufikia.

Wengi mnaniuliza, Mwenyekiti, uliupataje mradi mkubwa namna hii wakati hata basi la pili la asubuhi limetushinda? Jibu ni uongozi wenye maono. Mwezi wa Mei niliipokea barua kutoka kwa kampuni hiyo, karatasi nzito, nembo ya rangi ya bluu, na ukurasa wake wa kwanza ulisema hivi, nanukuu: "Tunatafuta mahali tulivu, penye hewa safi na mandhari ya milima, kwa ajili ya watu wetu, na kijiji chenu kimetuvutia." Mwisho wa kunukuu. Ukurasa wa pili, kwa mujibu wa mgawanyo wa majukumu, nilimkabidhi Katibu kwa utekelezaji, kwa kuwa kiongozi hushughulika na maono na ofisi hushughulika na kurasa za pili.

Na hazikupita siku nne, ndugu zangu, nikiwa nashuka na baiskeli yangu ya umeme, nikaziona. Nguzo nane za bati, ncha zake zimekunjwa kufuata mwinamo wa paa, zimesimama katika nyasi za Unterfeld. Sihitaji kumfundisha mtu yeyote hapa maana ya nguzo. Katika nchi hii hakuna anayejenga hata kibanda cha kuku kabla hajasimamisha nguzo kuonyesha jengo litafika wapi juu na wapi pembeni, ili jirani aone kwa macho yake, akasirike mapema, aandike pingamizi. Huo ndio ustaarabu wetu. Nikasema moyoni, Gottlieb, hawa watu wa Lumivex hawapotezi muda.

(Sauti kutoka kwenye magodoro: "Lakini nguzo zenyewe ni fupi, mita saba na nusu. Wafanyakazi elfu moja na mia mbili watakaa wapi humo?")

Swali zuri, nalo limefanyiwa upembuzi yakinifu. Asilimia sitini ya jengo itakuwa chini ya ardhi, na asilimia sitini ya wafanyakazi watafanya kazi wakiwa nyumbani kwao. (Ukumbi unajaribu kujumlisha.) Hata hivyo, mimi mwenyewe, nikivua kofia ya uongozi na kuvaa ya raia wa kawaida, niliwasilisha pingamizi langu binafsi kwa maandishi, kwamba jengo ni fupi mno kwa hadhi ya kijiji hiki. Hivyo ndivyo ninavyowapigania.

Na wenye mashaka nawakumbusha tarehe kumi na tisa Juni. Siku hiyo ujumbe mzito wa wataalamu arobaini wa Lumivex ulifika kwa basi maalumu. Niliupokea kwa bendi. Walilikagua eneo kwa saa sita mfululizo, wakafanya majaribio ya upepo kwa kurusha kisahani cha plastiki, wakachoma soseji ili kupima, naamini, mwelekeo wa moshi, na wakaniuliza vyoo viko wapi, swali la kitaalamu kabisa kuhusu miundombinu ya majitaka, ambalo nililijibu papo hapo kwa kidole. (Kicheko. Bendi haicheki.)

Naona mkono wa Bi. Marlis Zumstein uko juu. Bi. Zumstein, maswali ni mwishoni, iko kwenye ajenda. Ila kwa kuwa mkono umeshaonekana, nitoe pole rasmi. Sote tunajua banda lake la ng'ombe liliangushwa na theluji ya Februari. Alileta maombi ya kujenga jipya, akapanda mlimani na ng'ombe wake mwanzoni mwa Juni kama afanyavyo kila kiangazi, huko kusiko na mtandao wa simu, na aliposhuka siku kumi na mbili zilizopita akakuta maombi yake bado yamekwama, kwa sababu ofisi nzima ilielemewa na mradi huu. Ng'ombe wake tisa sasa wamehifadhiwa katika gereji ya zimamoto, na gari la zimamoto liko nje. Mkuu wa Kikosi amenieleza kwamba baridi ya kugandisha ikifika, maji yataganda kwenye tangi la gari lisiporudishwa ndani, na ng'ombe itabidi wauzwe. Halmashauri inalifuatilia jambo hilo kwa karibu sana.

(Bi. Zumstein, kwa sauti ya chini: "Gottlieb, theluji inakuja wiki ijayo. Ni hilo hilo nataka kusema.")

Mwishoni, Bi. Zumstein, mwishoni.

Sasa niingie kwenye maoni ya umma, maana serikali ya kijiji hiki ni sikivu. Tumepokea mapingamizi tisini na manne katika kijiji cha watu mia nne na kumi na wawili, ambayo ni rekodi ya bonde zima, na nachukua nafasi hii kuwapongeza. Bwana Rohrbach, postamasta mstaafu, ameandika kurasa saba na mchoro, akithibitisha kwamba kuanzia saa kumi na dakika kumi na mbili jioni kivuli cha makao makuu kitaangukia nyanya zake.

(Bwana Rohrbach: "Na kumi na mbili hiyo nimeipima mara tatu.")

Hatubishi. Kwaya ya yodeli, ile nyimbo ya kuitana milimani, imepinga kwa hoja kwamba vioo vya jengo vitarudisha mwangwi kabla haujafika mlimani. Mama mmoja, aliyeomba asitajwe na ambaye mnamjua, anataka wafanyakazi wote elfu moja na mia mbili wafundishwe kusalimia njiani, kila mtu kwa jina lake. Wapo walioandika kwamba kompyuta zitanguruma siku ya Jumapili. Wapo pia wanaounga mkono, tusiwasahau. Mwoka mikate wetu ameshatoa mkate wenye umbo la kompyuta mpakato, mgumu kidogo pembeni lakini wenye dhamira njema. Na vijana wawili wamerudi kutoka mjini kusubiri ajira. Mpaka sasa wanasubiri kwa weledi mkubwa.

Mimi kwa upande wangu sikulala. Niliongoza ziara ya mafunzo, nikiwa peke yangu ili kubana matumizi, kwenda kutembelea makao makuu ya kampuni nyingine ya kisasa mjini, ambako nilijionea kwamba wenzetu hawatumii ngazi. Wana mteremko wa kuserereka kutoka ghorofa ya pili hadi mapokezi, kama ule wa watoto. Niliserereka mara tatu, kwa niaba yenu. Mara ya tatu nilishauriwa nisirudie. Kutokana na ziara hiyo tumeandaa dira, dhima, andiko la dhana, mpango kazi, na rasimu ya mpango kazi wa kuandaa mpango kazi, na ninathubutu kutamka mbele yenu kwamba utekelezaji umefikia asilimia sabini na nane, kwa maana nguzo zimesimama na mimi nimesimama, na kilichobaki ni jengo.

(Makofi machache. Katibu anainuka, anapita mbele ya jukwaa, anaweka karatasi mbili juu ya meza ya mzungumzaji. Anarudi kuketi bila kumtazama mtu.)

Asante, Katibu. Naona hapa nimeletewa shukrani za kufungia. Nazisoma kama zilivyo.

"Kwanza, tunaishukuru kampuni ya Lumivex, ambayo ukurasa wa pili wa barua yake unaomba uwanja kwa ajili ya mapumziko ya wafanyakazi arobaini, ya siku moja, tarehe kumi na tisa Juni, pamoja na mahali pa kuchomea soseji, na kuuliza iwapo kuna..." Ndiyo. Vyoo. "Kampuni haina na haijawahi kuwa na mpango wa kuhama. Pili, tunamshukuru Bi. Marlis Zumstein, mwenye nguzo nane za Unterfeld, ambazo fundi wake alizisimamisha mwezi Mei kwa ajili ya banda la ng'ombe tisa. Tangazo lake lilikaa siku thelathini kwenye kabati la vioo la matangazo nje ya ofisi, chini ya bango la bahati nasibu ya zimamoto. Katibu alimwandikia Mwenyekiti mara tatu. Mwenyekiti alikuwa anaserereka."

(Mtu anaangusha glasi nyuma ya pazia.)

Ndugu wananchi. Kwa hiyo mapingamizi yetu tisini na manne...

(Bi. Zumstein anasimama: "Ni dhidi ya ng'ombe wangu. Yote. Nimeyasoma kule gereji, nimekaa kwenye ndoo. Rohrbach, umenifahamu miaka arobaini, hukuweza kuinua bango moja ukaona jina langu?" Bwana Rohrbach: "Niliona nguzo, Marlis. Mtu akiona nguzo anaandika. Mimi nilijua ni watu wa nje." Anavuta pumzi. "Nyanya zenyewe zilishaliwa. Regula, lete kalamu.")

Utaratibu, jamani, utaratibu. Sheria inasema pingamizi huondolewa na mwenye kuliandika, kwa mkono wake, na likiondoka la mwisho kibali hutoka hapo hapo. Naagiza, kwa mamlaka niliyonayo, foleni iundwe pale kwenye kile kifaa cha kurukia. Naona imeshaundwa. Naagiza iendelee. (Foleni inafika mlangoni. Kwaya inasaini kwa mpangilio wa sauti. Mama asiyetajwa anamsalimia kila mtu kwa jina, kisha anasaini. Katibu anahesabu, anahesabu tena. "Tisini na matatu," anasema. "Limebaki moja. La jengo kuwa fupi.")

(Wote wanamgeukia Mwenyekiti. Bi. Zumstein anakuja mbele na kalamu: "Ng'ombe hawajalalamikia urefu, Gottlieb. Saini.")

Ndugu zangu, historia itaandika kwamba Mwenyekiti wenu alisaini. (Anasaini.) Hinterblatten mbele. Ushirikishwaji daima. Paa juu ya kila pembe. Nawashukuru kwa imani, kwa uvumilivu, na kwa mradi huu ambao haukuwahi kuwepo na ambao leo nautangaza kukamilika kwa asilimia mia moja. Fundi anaanza Jumatatu. Watakaoshika nyundo wajiandikishe kwa Katibu, na jina la kwanza liwe langu, ingawa nyundo sijawahi kuishika. Naomba tu muhtasari wa kikao uonyeshe kwamba nguzo zile, aliyeziona wa kwanza ni mimi.

(Katibu, bila kuinua kichwa: "Niandike kwenye ukurasa wa pili au wa kwanza?")

Fungueni mvinyo.