Injini Iliyohamia Sebuleni Kwetu

Lindsay Pettigrove,
Mtaa wa Maghala,
Wirrabunga, Australia Kusini.
Jumatatu, wiki mbili baada ya Pasaka.

Kwa Mheshimiwa Clem Radford,
Mwenyekiti, Chama cha Magari ya Zamani,
Wirrabunga.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: INJINI ILIYOHAMIA SEBULENI KWETU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kama hakikutoshi, karibu uje uione injini mwenyewe, ila uje umeshakula, maana kwetu pa kuweka sahani hapana.

Nakuandikia kwa unyenyekevu, nikiwa mwanachama wa miaka thelathini na mmoja, niliyechoma soseji katika mikutano yetu kumi na tisa na kuziunguza mara mbili tu.

Gari letu unalifahamu: Holden ya mwaka 1964, rangi ya maziwa, aliyoinunua baba mkwe wangu, mzee Alf, ikiwa mpya, akamwachia mke wangu Noelene. Injini yake ni ileile ya kuzaliwa nayo. Sikatai kwamba huchemka. Kila tukiupanda mlima Hessop kwenda kwa Beryl, dada yake Noelene, gari hufika kona ya tatu, hutoa mvuke kama birika, kisha hugoma, nasi hungoja lipoe na kugeuza. Mwaka wa kumi na moja huu halijafika juu. Sisi wenyewe hufika siku nyingine kwa basi, lakini Beryl, ambaye nyonga imemlaza tangu mwaka jana na hawezi tena safari ya kuteremka, alitamka wazi kwenye simu: "Nyinyi nimeshawaona, mnatosha. Nataka kuliona gari la baba. Ndilo nililojifunzia kuendesha." Mwezi ujao anatimiza themanini.

Mke wangu aliweka simu chini, akavaa viatu, akaenda kwa Spiro, mwenye yadi ya magari yaliyokufa. Alirudi na injini ya gari la mwaka 2011 lililogongana na kangaruu. Gari lilivunjika uso, kangaruu akaenda zake, injini haikupata hata mkwaruzo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Injini imesimama kwenye stendi ya chuma kati ya kabati la vyombo na televisheni. Iliingizwa kwa mlango wa veranda, Spiro akisukuma, mimi nikizuia, na ilipita. Nilipouliza kwa nini isikae gereji kama injini za watu wenye adabu, niliambiwa: "Gereji kuna baridi, Lindsay, na magoti yangu si ya msichana. Sogeza kiti chako." Nikasogeza. Sasa habari za saa kumi na mbili naziona nusu. Msomaji wa habari ana kichwa, mabega yamezibwa na pampu ya maji.

2. Noelene aliimwaga oili ya zamani ya injini akaichuja kwa kitambaa changu cha kanisani, akitafuta vumbi la chuma. Hakupata. "Safi!" alinipigia kelele, kwa furaha ambayo sijaiona tangu harusi ya binti yetu. Kisha akaanza kubadilisha vitu ambavyo havijaharibika: cheni za ndani, sili za kuzuia oili isivuje, gasketi, hiyo pampu ya maji. Nilimweleza kwa upole kwamba kitu kizima hakitengenezwi. Akanijibu bila kugeuka: "Ikishaingia kwenye gari, mkono haufiki huku nyuma bila matusi. Bora nibadilishe sasa ikiwa uchi." Mwenyekiti, maneno gani hayo mbele ya picha ya mama yangu?

3. Vifuniko vya juu vya injini vilioshwa kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Vilitoka vinang'aa. Kikombe changu kilitoka na masharubu ya oili.

4. Nyaya. Gari lile jipya lilikuwa na waya wa kila kitu, hata wa kupasha moto makalio. Noelene amezitandaza zote mezani, anaziondoa zisizohitajika moja moja, na kila inayobaki anaibandika karatasi yenye jina. Nimekatazwa kupiga chafya. Asubuhi moja niliamka nikakuta miwani yangu nayo imebandikwa: "Haina kazi." Anasema ilikuwa bahati mbaya. Ama kompyuta ya injini, hiyo ilikuwa haikubali kuwaka mpaka iuone ufunguo wa gari lake la kwanza, marehemu. Imetumwa kwa posta kwa mama mmoja Adelaide, bingwa wa kuisahaulisha ufunguo huo. Nimeomba nami nitumwe.

5. Cheo changu. Miaka arobaini nimekuwa fundi wa nyumba hii. Wiki iliyopita ilionekana kwamba sampo, lile bakuli la oili la chini, lingegonga boriti ya mbele ya Holden. Nilitangaza kwamba basi, shauri limekwisha, Mungu amesema. Noelene akakata kielelezo cha umbo lake kwa karatasi ya boksi, akakipeleka kwa mchomeleaji, na jioni alirudi na sampo yenye umbo jipya inayokaa kama kofia. Spiro alipopiga simu akauliza, "Fundi yupo?" Nikasema, "Ndiye mimi, sema." Akasema, "Ah, mzee wangu, namtaka Noelene." Siku hizi nashika tochi. Na hata tochi: "Huku, Lindsay! Unamulika paka!"

6. Hili la mwisho nalitaja kwa shida. Pale kona ya tatu, gari likichemka, sisi hutandika blanketi. Tuna chai ya chupa na keki za lamington. Inachukua saa nzima radieta kupoa, na katika saa hiyo Noelene hana la kufanya ila kukaa nami. Aliwahi kunisimulia mambo ya utotoni mwake ambayo hakuyasema ndani ya nyumba yetu hata siku moja. Injini hii mpya haitachemka, Mwenyekiti. Nimeikagua. Itapita pale kama risasi. Sasa nitaongea na mke wangu wapi?

Kwa hiyo naomba chama kitunge sheria kwamba gari lenye umri zaidi ya miaka sitini lisiruhusiwe kuwa na kiungo chochote kilicho kichanga kuliko watoto wa mwenye gari. Tukilegeza hapa tumekwisha. Leo injini, kesho breki zinazoshika, keshokutwa viti visivyochoma. Kila mtu atafika anakokwenda. Na chama ambacho magari yote yanafika, wanachama wake watazungumza nini?

Pia naomba wajumbe watatu wenye misuli waje waichukue. Alhamisi ndiyo siku nzuri. Noelene huwa kwenye mchezo wake wa kuviringisha mipira kwenye nyasi.

Nisalimie mkeo, katibu, wote wa jikoni, na yule mzee wa lori la zimamoto ambaye jina huwa linanitoka. Nabaki kuwa mwanachama wako mtiifu, niliyesogezwa lakini sijang'oka,

Lindsay Pettigrove.

N.B. Barua hii imekaa kwenye koti langu wiki tano. Katika muda huo injini imeingia, mkaguzi wa serikali ameipitisha, na jana tumepanda Hessop. Beryl alitusikia akiwa kitandani. "Hiyo si ya baba," akasema, "ya baba ilikuwa inakohoa." Kisha akadai koti. Tulimbeba wawili mpaka kwenye usukani, naye akazunguka uwanja wa kondoo kwa mwendo wa kondoo, mguu ukitafuta klachi ambayo haipo tena, maana injini ilikuja na giaboksi yake ya otomatiki, akilia, akicheka, akimtukana Noelene kwa mapenzi. Baadaye Noelene alikaa kwenye majani pamoja nami. Hakuna radieta ya kuchungulia, hakuna maji ya kuongeza. Alikaa saa mbili na nusu, na mengi aliyoniambia hayakuhusu chama.

Futa yote hapo juu. Ila Spiro amenidokeza kwamba amepata injini ya pili, pacha wa hii, na pikapu yangu ya 1971 haijambo kwa kila kitu isipokuwa kwenda. Tafadhali usiitangaze injini hiyo kwenye jarida la chama kabla sijafika kwake na trela.