Kioo Mkabala na Galaksi

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Picha ya galaksi tunayoitafiti, kutoka darubini ya angani. Zamu ya kuitazama tuliiomba zamani, Bosi hajaota hata mvi. Imekuja vipande vipande, vyeusi na vyeupe, na kazi yangu ni kuviunganisha na kuvitia rangi. Buluu kwa nyota changa, kahawia kwa vumbi. Mikono yake miwili inajikunja kukizunguka kiini, na mwanga wake ulianza safari duniani hakuna hata mtu wa kuupokea. Nimeupokea mimi, nikitafuna karanga.

Bosi katangaza: Ijumaa ukumbi mpya wa maonyesho unafunguliwa. Picha itafunika ukuta, na ukuta nimekabidhiwa mimi. Siku hiyohiyo atamtaja msimamizi wa chumba cha picha. Ni mimi au Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, mtu asiyecheka wala kukohoa.

Shida ni moja. Mke wangu nilishamwambia kwamba cheo nimepata. Yeye kamwambia mama yake. Mama mkwe kauambia ukoo. Ijumaa wanakuja kunipongeza.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Ukuta una mlango. Stoo ya mafagio, upande wa kulia, na Bosi amesema usizibwe. Nimepima, nikapima tena. Kiini cha galaksi, nyota zisizo na idadi, kinaangukia penye kitasa. Kila mfagizi akitaka ndoo atafungua kiini.

Nikakaa. Nikafikiri. Nikapata! Nimeigeuza picha, kulia ikawa kushoto. Kiini kimehama, mlangoni limebaki giza tupu. Nani atajua? Galaksi si uso wa mtu.

Nimempelekea shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye karakana ya mabango. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia, shemeji, wewe chapa.

Jumatano, 5 Machi

Bango limetundikwa na kufunikwa kwa pazia mpaka Ijumaa. Nilikuwa napiga mluzi. Kisha Miwani akaja akachungulia nyuma ya pazia. Akatazama sana. Akaniuliza, kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, hivi mikono ya galaksi hii si inajikunja kufuata mshale wa saa? Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akaenda zake. Sawa gani hiyo?

Nikachungulia mwenyewe. Inajikunja kinyume! Nikamdodosa katibu kuhusu hotuba ya Bosi. Afadhali nisingeuliza. Karibu yote ni kuhusu mwelekeo wa mikono ile, ndio utafiti wake wa maisha, na ataonyesha kwa mkono, kama mtu anayekoroga sufuria.

Nyumbani nimemkuta mama mkwe amefika, na begi la siku nyingi. Nikamjaribishia maelezo: darubini ilizunguka, ikapiga picha kwa nyuma. Akafurahi mno. Akauliza huko nyuma kukoje. Nikasema kumetulia.

Mama mkwe kaamini. Bosi hataamini. Kwenda nyuma ya galaksi kunahitaji muda mrefu kuliko ajira ya mtu yeyote, hata ya serikali. Naogopa. Naogopa kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Kukiri kwa Bosi? Hapana. Cheo kitaota mbawa na ukoo uko njiani.

Nimekwenda kwa kinyozi wa chini ya ofisi, kupunguza ndevu na mawazo. Nimekaa mbele ya kioo, nyuma yangu saa ya ukutani. Natazama kiooni: mshale unarudi nyuma! Nikaruka kitini, nusura aninyofoe sikio. Kioo! Kilichogeuzwa, kioo hukigeuza tena kikawa sawa!

Kinyozi anavyo vioo viwili vikubwa vipya, vya chumba anachoongeza. Nikaazima kimoja. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akautazama upara wangu.

Nikapanda kwa Bosi moto moto. Nikamweleza: darubini yenyewe huko angani inatumia kioo, basi wageni nao waione galaksi kiooni. Wakae wameupa ukuta mgongo. Bosi akafumba macho, akasema ni wazo lenye ushairi. Ushairi! Bango halina maandishi, hilo nimeshalikagua. Mimi si mjinga.

Miwani hakuwepo mchana kutwa. Ameenda wapi? Shemeji naye ananipigia simu, anapiga tena. Bila shaka kosa kaligundua, anataka kunicheka. Sipokei. Nimezima simu kabisa. Kichwa kinahitaji utulivu.

Ijumaa, 7 Machi



Ukoo ulikaa mstari wa mbele. Mama mkwe alikitumia kioo kurekebisha mtandio, akakisifu. Bosi akasimama kando ya kioo, akikielekea kama mwalimu ubaoni, akavuta kamba. Nyuma ya wageni pazia likaanguka. Galaksi ikatokea kiooni, buluu tupu. Makofi! Mke wangu akanikonyeza. Nikaanza kupumua.

Bosi akasema, tazameni, inafuata mshale wa saa. Akakoroga. Galaksi kiooni ilikuwa imejikunja kinyume. Akasita. Akakoroga tena, polepole. Galaksi haikumsikiliza.

Ndipo mama mkwe akainuka, fahari imemjaa, akawaeleza watu wote kwamba hii ndiyo ile ya nyuma. Mkwe wake kamwambia. Darubini ilizunguka.

Bosi akageuka. Viti vikageuka. Na pale ukutani, wallahi, galaksi imejikunja kama inavyotakiwa! Si bango langu. Kiini kiko mbali na mlango!

Shemeji akaninong'oneza kwamba jana Miwani alimwendea karakanani, wakachapa bango upya, dogo kidogo, na alfajiri wakalitundika huku wamelisogeza kushoto. Kulisogeza! Kumbe lilikuwa jambo la kusogeza tu! Ndiyo maana alikuwa ananipigia, akasema, ili nijue bango linabadilishwa.

Bosi akauliza kioo ni wazo la nani. Aliuliza kwa desturi tu, maana alijua. Miwani hakunisema popote. Alisema tu kwamba bango lilihitaji marekebisho kidogo. Angenisema ningepata wa kumchukia. Kapewa cheo palepale. Ukoo ukampongeza yeye, kwa kuwa pongezi zilishaandaliwa.

Mke wangu amehamia chumba cha mama yake. Sijawahi kuona aibu kama hii. Njia ya mwongo ni fupi, amesema mama mkwe, tena akinipakulia chakula.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala siku nzima ya jana nikitazama dari. Nimejipima kwa haki, bila kujionea huruma, na kosa nimeliona.

Vioo havikutosha.

Kioo kimoja kinageuza. Cha pili, kikitazamana na cha kwanza, kinanyoosha! Ningekuwa na viwili, Ijumaa galaksi ingekuwa sawasawa na Bosi angekoroga kwa raha zake. Nimeshindwa kwa uchache wa vifaa, si kwa akili. Mwezi ujao darubini itatuletea galaksi nyingine, Bosi atataka maonyesho mengine. Leo nilikuwa nimrudishie kinyozi kioo chake. Nimemwomba na kile cha pili.

Shemeji kapiga simu asubuhi. Sikupokea, nilikuwa napima ukuta.

Mke wangu nimemweleza kwamba cheo cha Miwani ni cha muda tu, kikirudi ni changu. Nimemwambia amwambie na mama yake.