Mama Kaulizwa Nilizaliwa Wapi

Leo nimeadhirika, jamani. Na nimechoka hata kujitetea. Naandika nikiwa nimelala, goti limefungwa barafu, na mke wangu yuko ukumbini anasimulia kisa hiki kwa simu kwa mara ya nne (nahesabu).

Kwa wasionijua: mimi ni fundi wa feni na pasi hapa Kibokoni, Mombasa, miaka arubaini na saba, tumbo lipo. Jioni hukaa barazani na wenzangu kubishana mpira. Msimamo wangu unajulikana mtaa mzima: mchezaji achezee nchi aliyozaliwa, basi. Timu ya taifa ikimwita kijana aliyezaliwa Ulaya eti kwa sababu babake ni wa huku, mimi huzima televisheni. "Hata wimbo wa taifa haujui," ndivyo nisemavyo. "Anatafuna hewa tu."

Sasa, kila mwaka wazee wa Mombasa hucheza na wazee wa Tanga. Ni mechi ya kimataifa kabisa (mpaka umevukwa, si utani), na nyimbo mbili za taifa hupigwa. Mwaka jana walitufunga matatu, yote ya mtu mmoja, Shabani. Shabani kazaliwa papa hapa Kibokoni, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaoa Tanga akahamia. Niliumia. Nikaenda kwenye kamati ya mechi kudai sheria mpya: kila mtu achezee upande aliozaliwa.

"Tutajuaje?" wakaniuliza. "Kwa vitambulisho?"

"Vitambulisho huandikwa na makarani," nikasema. "Karani hukosea. Kila mchezaji aje na mamake, au mtu mzima anayemjua tangu utotoni. Mama hakosei."

Wakapiga makofi. Na kwa kunishukuru, wakanipa namba kumi. Mimi! Miaka ishirini kazi yangu imekuwa kubeba maji na kuwashikia wenzangu viatu. Hii ingekuwa mara yangu ya kwanza kuichezea Mombasa, na kwa goti hili, ya mwisho pia. Nililitaka jambo hili kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Leo baada ya alasiri tukawa uwanjani, karibu na Buxton. Jezi niliipiga pasi mwenyewe. Mke wangu Rukia yupo, binti yetu yupo na simu ya kurekodi, wenzangu wa barazani wote wapo. Mama yangu, Bi Zuhura, ana miaka sabini na sita. Nilimleta kwa tuktuk nikamwekea kiti cha plastiki kivulini.

Refa, Mwalimu Kombo, akaanza kutuita mmoja mmoja. Shabani akaja na shangazi yake wa Kibokoni, akathibitishwa: Mombasa. Nikashangilia! Tanga wakabaki kumi. Nikamwonyesha nahodha wao, Mzee Mhina, vidole kumi (ndiyo, nilifanya hivyo, na nimeshatubu).

Ikaja zamu yangu.

"Asalaam aleikum, Bi Zuhura. Mwanao huyu alizaliwa wapi?"

"Waaleikum salaam, mwalimu. Tanga."

Nikacheka. Nilidhani hakusikia vizuri.

"Mama, si Shabani. Anauliza kuhusu mimi."

"Nakuona, si kipofu. Wewe nalikuzaa Tanga."

"Lakini kitambulisho changu kimeandikwa Mombasa!"

"Karani hukosea," akasema Mwalimu Kombo taratibu, bila kutabasamu.

Mama akaeleza mbele ya uwanja mzima, kwa sauti ya mtu anayewafundisha wajinga. "Mimba ya kwanza mwanamke huenda kwao. Mwezi wa saba nalikwenda kwa mamangu Tanga, nikakuzaa huko, arubaini ilipokwisha babako akaja kutuchukua. Ulitaka nikuzae wapi, mbele ya mama mkwe?"

"Hasha!" wakaitikia akina mama wote waliokaa pembeni. Rukia naye akaitikia.

"Lakini mwalimu," nikasema, "mimi ndiye niliyeileta sheria hii!"

"Tena tunakushukuru. Ni sheria nzuri."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikavua jezi mbele ya watu, tumbo nje, nikamkabidhi Shabani namba kumi yangu. Ilimkaa vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilikuwa naenda zangu kukaa na mama. Mzee Mhina akanishika mkono.

"Waenda wapi, mwanetu? Sisi tuko kumi."

Wakanipa jezi yao ya akiba. Ilishonwa kwa ajili ya mtu mwembamba. Iliishia kitovuni, nami nikawa naivuta chini kila baada ya hatua tatu. Wimbo wa Tanzania ukapigwa. Mstari wa kwanza naujua. Baada ya hapo nilitafuna hewa, na binti yangu amenirekodi mwanzo hadi mwisho.

Mpango wangu ulikuwa kusimama mahali nisipoweza kumdhuru mtu. Kwa muda mrefu nilifaulu. Shabani akaifungia Mombasa (bila shaka), Tanga wakasawazisha. Zikabaki dakika mbili, Tanga wakapata kona. Mimi nilikuwa mbele ya goli la Mombasa, nimeinama, mikono magotini, natafuta pumzi. Mpira ukanigonga kichogoni ukaingia.

Goli! Goli langu la kwanza tangu shule ya msingi! Mwili ukasahau kila kitu. Nikakimbia, mikono hewani, moja kwa moja hadi kwa wenzangu wa barazani, nikapiga magoti kwenye changarawe mbele yao (ndiyo habari ya goti).

"Mmeona? Mmeona?"

Walikuwa wameona. Rukia alikuwa amejifunika uso mzima kwa mtandio.

"Baba," binti yangu akasema kwa upole, "umetufunga."

Hapo ndipo nilipoitazama jezi niliyoivaa.

Halafu kikasikika kigelegele kimoja. Mama yangu! Kasimama kwa miguu yake mibovu, anashangilia peke yake katika upande mzima wa Mombasa. Mwalimu Kombo akapuliza filimbi ya mwisho. Mbili moja.

Nilipompandisha mama kwenye tuktuk nikamuuliza, "Mama, miaka yote hii hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kutwa wawauliza watu wengine walikozaliwa."

"Na lile goli? Mbona ulimshangilia adui?"

"Adui gani? Nalimshangilia mwanangu."

Nimeona haya leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na sitaki kuwadanganya, lile goli limenifurahisha, ila hapa mtaani siwezi kumwambia mtu. Huko ukumbini Rukia ameanza kusimulia mara ya tano.

Kwa hiyo nawaomba, msinichekee hapa Mombasa. Anayetaka kucheka avuke mpaka akachekee Tanga, kule ambako, nasikia, wananiita shujaa.